Kikombe Juu ya Kigoda

Kifanya,
14 Mei 1994

Mdogo wangu Lidia,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua tangu uolewe unaitwa Hajira na huko kwako salamu hii inaitikiwa vingine, ila mkono wangu umezoea Lidia na katekista wa miaka sitini na moja habadilishwi mkono. Utanivumilia.

Sisi hapa wazima. Mahindi yamekauka, tutavuna kabla ya mwisho wa mwezi. Baridi imeanza mapema mwaka huu. Wifi yako Margareth anakusalimu sana, anasema ulimwahidi kitenge tangu Pasaka ya mwaka juzi na hajasahau. Mwanetu Efraimu yuko Mafinga kwenye mashine ya mbao, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mkewe Vestina bado anafanya kazi hapa zahanati. Mganga alihamishwa Januari na hajaletwa mwingine, kwa hiyo nesi ni yeye, mganga ni yeye na mfagiaji ni yeye. Watu wanamsifu.

Nimesikia umefungua duka la dawa hapo stendi. Hongera. Zamani dawa ilikuwa ya serikali au ya misheni, leo hata binti wa mzee wetu anaipima kwenye kaunta yake mwenyewe. Sasa nina jambo dogo. Mgongo unanisumbua, kwa chini, karibu na kiuno. Ni uzee na jembe. Kama una vidonge vya maumivu vya maana, mpe yule dereva wenu Msafiri akipita kwenda Songea aniachie hapa barabarani. Usimwandikie Margareth habari hizi. Atakuza jambo.

Kaka yako,
Odilo


Makambako,
29 Mei 1994

Kaka yangu Odilo,

Asalam aleikum, na Milele Amina pia, ili usinune. Huku tu wazima. Shemeji yako Abdulsalam ameongeza gari la pili na sasa tunamwona kwa mwezi mara mbili tu, mengine ni vumbi na honi. Watoto wanasoma. Makambako imejaa watu wa kila mkoa: asubuhi unasalimiwa Kikinga, mchana Kipemba, jioni hujui umesalimiwa nini.

Duka langu ungeliona ungecheka. Nilikwenda semina siku tano Iringa, nikapewa cheti, nimekitundika ukutani juu ya panadoli. Watu wananiita daktari. Mwanzoni nilikuwa nawakatalia, siku hizi naitika.

Nimempa Msafiri vidonge arobaini, vinaitwa diklofenaki. Ni vikali, havifanani na hivi vya kwenye kibanda cha sukari. Meza kimoja mara tatu kwa siku ukishakula. Wachukuzi wa mbao hapa wanavigombania.

Lakini kaka, nikuulize: zahanati iko mbali na mlango wako kama kanisa lilivyo mbali na mlango wa padre. Kwa nini usimwendee Vestina akakupima huo mgongo? Kitenge cha wifi kinakuja.

Mdogo wako,
Hajira (Lidia wako)


Kifanya,
3 Julai 1994

Lidia,

Kamwene. Vidonge nilivipata na vimenifaa mno. Vimekwisha. Kama unaweza kuniongezea, niongezee vingi, kwa sababu Msafiri hapiti kila wiki.

Mavuno si haba, madebe yamejaa. Kanisani nimeomba Fidelis aongoze novena badala yangu. Mimi siku hizi nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, pana hewa. Margareth analalamika kwamba nimeacha chai. Mtu akiacha chai siyo dhambi. Analalamika pia kuwa suruali zangu zina maji kila zikifuliwa. Ni umande. Sasa hivi majani ya kule shambani yana umande hadi saa nne.

Uliniuliza habari za Vestina. Lidia, Vestina ni mkwe wangu. Umekaa mjini lakini hukuzaliwa mjini. Mkono hatupeani. Akiniletea chakula anakiweka juu ya kigoda anaondoka, nami nakichukua akishageuka. Kikombe cha maji vilevile. Tumeishi hivyo miaka saba, kwa heshima, na hatujawahi kukoseana. Usiniambie tena nikamvulie shati.

Kaka yako,
Odilo


Makambako,
20 Julai 1994

Kaka Odilo,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Kitenge cha wifi kimo ndani ya mfuko huu, na vidonge mia moja vimo ndani ya kopo la maziwa, ili wifi asiulize.

Barua yako Abdulsalam ameisoma. Alipofika pale pa umande alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akaniambia nikuulize jambo moja, maana baba yake mdogo lilimpata kule Tanga. Nimekaa na kalamu hapa na jambo hilo halitoki. Mimi ni dada yako. Kuna mambo dada hamuulizi kaka, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwa fimbo ya mwanzi nilipokuwa na miaka minane.

Kwa hiyo sikuulizi. Lakini kama liko, mwambie mwanamume yeyote. Mwambie hata padre.

Hajira


Makambako,
28 Agosti 1994

Kaka,

Hujanijibu wiki tano. Msafiri amepita akaniambia alikukuta umekaa nje, uso umevimba na viatu hujavifunga kamba kwa sababu miguu haiingii. Anasema ulimwagiza vidonge vingine na hukumpa barua. Sijampa. Niandikie kwanza, hata mstari mmoja.

Hajira


Kifanya,
9 Septemba 1994

Lidia,

Huu ndio mstari. Siumwi. Chakula tu hakipiti, kila ninachokula kinarudi, na mdomo una ladha ya senti ya shaba. Kwikwi haziniachi tangu Jumatatu. Mwili unawasha. Itakuwa malaria. Usije. Vidonge ninavyo bado kidogo.

Odilo


Makambako,
2 Oktoba 1994

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa kitandani, siyo umelala. Wifi aliponiona naondoka hapo hospitali Njombe alidhani nimekimbilia duka. Kweli nilikimbia, lakini si kwa ajili ya duka. Soma hadi mwisho, nakuomba.

Kwanza nikueleze ilivyokuwa, kwa kuwa daktari anasema siku zile hukuwa na akili zako. Nilipopata ule mstari wako wa tarehe tisa nilipanda gari la Msafiri kesho yake. Nilikukuta kitandani mchana, ukiniita Mama, kisha ukiniita Sista. Pumzi yako ilinuka mkojo. Tumbo la chini lilikuwa gumu, limejaa, huwezi kuguswa. Vestina alikuwa amesimama nje ya mlango wako na sanduku lake la zahanati mkononi, analia. Wifi aliniambia alisimama pale tangu asubuhi na wewe ulikuwa umepiga kelele asiingie.

Msafiri alikuwa ameshashika njia ya Songea. Vestina alisema kibofu hakiwezi kungoja gari. Basi tukamwita Bruda Hilario kutoka misheni, akakuwekea mpira wa mkojo. Yalitoka maji ya kujaza beseni, yeye anafunga na kufungua, anafunga na kufungua, ili yasitoke yote kwa mpigo. Ulifunikwa uso kwa kitenge. Siku ya pili tukapata lori la mbao hadi hospitali.

Pale daktari alitoa damu, akasema figo zako zimegoma ghafla. Chanzo kimoja amekiona: tezi ya kiume imevimba, imebana njia, maji yakarudi juu yakazisonga figo. Kisha akatuuliza sisi wawili, wifi na mimi, tena kwa upole: kuna dawa yoyote amekuwa akitumia? Ya miti, ya duka, ya kienyeji, ya kizungu?

Wifi alisema hakuna. Yeye hajui. Mimi nikasema hakuna.

Kaka, nilikuwa nimevaa lile gauni langu zuri, na watu wa wodini walishaambiana kuwa mimi ndiye yule wa duka la dawa wa Makambako. Daktari alinitazama mimi hasa. Nikasema hakuna, nikasikia sauti yangu imetoka vizuri kabisa. Kesho yake aliniambia vipimo vilianza kushuka vizuri tangu njia ifunguliwe, sasa vimesimama, hajui kwa nini. Akataja mashine ya kuchuja damu, kwamba iko Dar, wanaoingojea ni wengi, na kama figo hazitaamka hana kingine.

Ndipo nilipoona leso yako chini ya mto, imefungwa fundo pembeni. Nilijua kilichomo. Nami nikachukua mkoba wangu nikaenda stendi.

Nimekaa hapa siku tisa. Nauza panadoli tu. Jana nilifungua kijikaratasi kinachokuja ndani ya boksi la diklofenaki, kimekunjwa mara nyingi na maandishi madogo kama chawa. Nimeuza dawa hii miezi yote hii sijawahi kukikunjua. Nilitafuta kamusi ya Kiingereza ya mtoto. Kimeandikwa kwamba mwenye figo mbovu asipewe, mzee apewe kwa uangalifu, anayetapika na kuishiwa maji asipewe kabisa.

Nimemwandikia daktari barua yake peke yake. Nimemweleza idadi: arobaini, kisha mia moja. Nimemwambia nilidanganya. Nimempa Msafiri amkabidhi mkononi, na nimemkataza asikupe wewe kwanza, maana nakujua, ungeichana ili kunikinga. Usinikinge. Toa hiyo leso.

Sijui kama utataka kuniita Lidia tena.

Hajira


Wodi ya wanaume, Njombe,
19 Oktoba 1994

Lidia,

Tumsifu Yesu Kristu. Ninaandika nimekaa.

Daktari alikuja na barua yako mfukoni. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaufungua mkono wake mbele yangu, kama mtu anayengoja sadaka. Niliitoa leso chini ya mto. Kisha nikafungua fundo nikamwagia kiganjani mwake. Vilikuwa kumi na moja. Nilikuwa nameza viwili kila siku, wakati nesi anasukuma toroli la chai upande wa pili. Mgongo ulikuwa umeshapona. Nilivimeza kwa sababu nilishazoea, na kwa sababu nikivitoa wataniuliza nani kanipa.

Alinieleza, na mimi nakueleza ili sote tujue. Figo hugoma kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukosa maji na damu ya kutosha kutoka juu, kama mtu akiharisha, akitapika, akivuja damu. Ya pili ni kuumizwa zenyewe, na malaria kali, na dawa, na mizizi ya waganga. Ya tatu ni kuzibiwa njia huko chini. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Mzee wangu, wewe zako umezipiga kwa njia zote tatu." Wodi nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, halafu nikajifunika shuka.

Maana ni kweli, Lidia. Chai niliiacha ili nisipate haja. Maji niliyaacha. Tangu Februari nilikuwa nasimama nyuma ya mibuni muda wa rozari nzima na kinachotoka ni matone. Umande haukuwa umande. Mimi ninayefundisha watoto kuungama nilishindwa kuwaambia wanaume wenzangu kwamba sikojoi. Nimeliandika. Naona limeandikika.

Siku mbili za kwanza tangu nitoe leso, hakuna kitu. Siku ya tatu maji yakaanza kutoka mengi, lita nne, lita tano, hadi wakawa wanakimbizana nayo kwa dripu. Kila ninachokunywa wanakipima, kila ninachotoa wanakipima, vyote vinaandikwa kwenye karatasi iliyotundikwa miguuni kwangu, kila apitaye anasoma. Ndizi na maharage nimekatazwa kwa muda. Damu yangu inasafika. Daktari anasema mashine haitahitajika. Nikipata nguvu watanipasua tezi.

Usiache kuniandikia. Jina lako ni Lidia. Bruda Hilario nitamshukuru mwenyewe nikirudi.

Kaka yako,
Odilo


Makambako,
6 Novemba 1994

Kaka Odilo,

Alhamdulillahi, na asante Mungu kwa namna zote mbili. Niliposoma neno "inasafika" nilifunga duka nikaenda kulia uani.

Daktari alinijibu. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Ameniambia nije kila Ijumaa mwezi mzima nikakae na mfamasia wao, nami nimeanza. Nimebaki na zile dawa ambazo cheti changu kinaziruhusu tu, nyingine nimempelekea mfamasia kwenye boksi. Mtu akija na mgongo namuuliza kwanza anakojoaje. Wachukuzi wa mbao wananicheka, wengine wameacha kuja. Juzi mzee mmoja wa Kichiwa hakucheka. Aliangalia chini, nikampandisha gari kwenda Njombe.

Ila kaka, si lazima umshukuru Bruda Hilario. Ni mtu asiyependa kushukuriwa. Mkumbuke tu katika sala.

Lidia wako


Kifanya,
11 Desemba 1994

Mdogo wangu Lidia,

Kamwene. Nimerudi nyumbani, jana nimetimiza juma moja. Tezi imetolewa, kidonda kimekauka. Mvua zimeshika, Margareth amepanda bila mimi na mistari imepinda, simwambii kitu. Amevaa kitenge chako kanisani. Amenisamehe kopo la maziwa, lakini wewe bado, ujiandae.

Wewe unaandika vizuri, ila kudanganya hujui. Bruda Hilario yuko Peramiho tangu mwezi wa nane. Barua yake ya safari niliiandika mimi, mashine ya taipu ya misheni iko kwangu.

Nilisikia, Lidia. Akili zilikuwa zinakwenda na kurudi, na zilirudi wakati ule. Nilisikia chini ya kitenge, "Shangazi, shika beseni," na sauti inatetemeka. Kisha ikasema, "Baba, nisamehe," na mkono ukafanya kazi yake. Mtoto wa watu alingoja mlangoni tangu asubuhi nikimfukuza, halafu akaingia. Angekuwa na heshima ya namna yangu ningekuwa nimezikwa. Miezi mitatu nimeona haya kwa ajili ya kile alichokiona. Sasa haya ninayoona ni kwamba alikuwa hatua mia moja kutoka kwangu, anajua kazi yake, na mimi nilikuwa natuma watu Makambako.

Daktari ameagiza nipimwe mkojo na presha kila wiki mbili hapa hapa zahanati, na damu nikapime Njombe kila mwezi. Jumatatu nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi na akina mama na watoto wao. Watu waliona katekista anangoja zamu kwa mkwewe. Aliponiita nilitaka kurudi nyumbani, miguu ilishageuka. Nikaingia. Alinifunga ule mpira wa presha mkononi akiwa anatazama dirishani, na mimi natazama mlango. Akaandika.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, leo nimekunywa maji kiasi gani. Nikasema bado. Akachota kikombe kwenye mtungi, akageuka kutafuta mahali pa kukiweka. Zahanati haina kigoda, kuna meza, na meza ilijaa makaratasi. Akasimama nacho.

Nikanyoosha mkono. Nilikipokea kutoka mkononi mwake, nikanywa chote mbele yake, nikamrudishia mkononi.

Kaka yako,
Odilo